Alama ya Ishirini na Nne

Kila Alhamisi, Bartholomew Mutinda alishuka kutoka nyumbani kwake kwenye mteremko wa vilima vya Iveti, akaingia mjini Machakos, akafika maktaba, akavua kofia na kuomba kamusi kubwa. Kamusi hiyo haikuruhusiwa kutoka nje. Ilikuwa nene kama matofali mawili yaliyopandana, na mgongo wa jalada lake ulikuwa umeshikizwa kwa gundi ya karatasi. Ann, mwanamke wa makamo aliyekaa pale mezani, hakumuuliza tena anataka nini. Akimwona mlangoni, aliinuka kuileta.

"Leo ni neno gani, mzee?"

"Ni lile la wiki jana. Bado sijalimaliza."

"Neno moja, wiki mbili?"

"Halina haraka. Limeningoja miaka thelathini na moja."

Ann alicheka, akidhani ni mzaha, akarudi kupiga mihuri vitabu vyake. Ilikuwa mwaka 1999, mwezi wa Agosti, na ndani ya maktaba kulikuwa na baridi kiasi cha wasomaji kukaa na makoti.

Mutinda hakuwa mtu wa shule. Aliishia darasa la nne. Mengine aliyojua aliyaokota njiani, na njia yenyewe ilikuwa ndefu, kwa sababu kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kushika cheni ya kupimia ardhi. Alitembea nyuma ya masarveya kutoka Kinanie hadi ng'ambo ya Yatta, akijifunza Kiingereza chao neno kwa neno, hasa maneno ya vilima na mabonde, maana ndiyo waliyoyatamka kutwa. Alipostaafu alidhani maneno hayo yangemtoka kichwani. Hayakutoka. Mkewe Kamanthe alipokuwa hai, nyumba ilikuwa na maneno mengine ya kutosha. Kamanthe alipofariki, sasa ni miaka miwili, nyumba ilinyamaza, na katika ule ukimya maneno ya zamani yakaanza kurudi moja moja, kama wageni waliosikia kwamba kuna nafasi ya kulala.

Hivyo ndivyo alivyoanza kwenda maktaba. Alitaka kujua kila neno lilitoka wapi kabla halijafika kwenye kinywa cha sarveya. Kamusi kubwa ilieleza hayo kwa herufi ndogo sana mwishoni mwa kila neno, na Mutinda aliyasoma kwa kioo cha kukuzia, akinakili polepole katika daftari.

Namna alivyonakili ilimshangaza Ann mara ya kwanza. Hakuanzia juu ya ukurasa. Alianzia mstari wa chini kabisa na kupanda. Alipoulizwa alieleza kwa upole kwamba daftari la vipimo huandikwa hivyo. Mtu anayepima anatembea kwenda mbele, na akiliinamia daftari lake, mbele ni upande wa juu wa ukurasa. Kwa hiyo anaanza miguuni pake na kupanda, ili mti ulio kushoto kwake ubaki kushoto kwenye karatasi, na mto ulio kulia ubaki kulia. Mkono wake ulikuwa umezoea hivyo, na hakuona sababu ya kuufundisha upya katika umri wa miaka sitini na sita.

Neno lililomchukua wiki mbili lilikuwa *ridge*.

Alilisikia mara ya kwanza mwaka 1968, kwenye kambi iliyopigwa upande wa Mwala, karibu na Muthetheni. Walikuwa wakipima mstari wa barabara juu ya kilima kirefu kilicholala kuanzia mashariki hadi magharibi. Sarveya alikuwa Mwingereza mzee mwenye kikohozi. Washika cheni walikuwa wawili: Mutinda nyuma, na mbele yake Wanyoike, kijana kutoka Nyeri, mrefu, mcheshi, asiyejua kuandika hata jina lake lakini mwenye kichwa kisichosahau hesabu. Kwa miaka sita walikuwa wameshika ncha mbili za cheni moja. Waliitana Wa Mbele na Wa Nyuma. Cheni ilipokuwa imenyooka katikati yao hawakuhitaji kusemezana. Mmoja alijua mwenzake amesimama kwa namna uzito ulivyobadilika mkononi.

Jioni moja, wakila muthokoi wa mahindi na maharagwe kwenye sufuria moja, Wanyoike alimsikia sarveya akikitaja kilima kwa jina hilo.

"Hilo neno maana yake ni nini, bwana?"

"Ni hiki tunachokanyaga," sarveya alisema. "Kilima kirefu. Basi."

"Kwetu tunaita mgongo. Watu wa kwetu wanaishi kwenye migongo, kila ukoo na wake. Nyinyi mliona nini mkaita hivyo?"

"Hatukuona kitu. Ni neno tu."

Wanyoike alitikisa kichwa. Sarveya alipoingia hemani kwake, alimgeukia Mutinda. "Ati ni neno tu. Haliwezi kutoka hewani. Liko na mama yake mahali. Wewe Mkamba uliyesoma, unitafutie."

"Nitakutafutia," Mutinda alisema, akacheka. Akatoa daftari lake, akauacha ukurasa mmoja kwa hesabu ya kesho, akafungua ukurasa safi uliofuata, na kwa kuwa haya hayakuwa mambo ya kupima, aliliandika neno juu kabisa, kama alivyofundishwa shuleni.

Kesho yake ndipo mambo yalipoharibika.

Kazi ya cheni ilikwenda hivi. Mtu wa mbele alibeba mishale kumi, vyuma vyembamba vyenye vitambaa vyekundu, akivuta cheni. Cheni ikinyooka, alichoma mshale mmoja ardhini, akaendelea. Mtu wa nyuma akifika kwenye mshale, aliung'oa. Mishale kumi ikishafika mikononi mwake, waliita, wakakutana, akamrudishia mwenzake yote, kisha akatia alama moja kwenye daftari. Kila alama ilikuwa cheni kumi, na cheni themanini ni maili moja. Hakuna kingine cha kukumbuka kazi ya siku nzima ila alama hizo.

Jioni ile sarveya aliuliza hesabu. Mutinda alifungua daftari na kuhesabu kutoka chini kwenda juu. "Ishirini na tatu."

"Ishirini na nne," Wanyoike alisema palepale. "Nimepokea mishale mara ishirini na nne. Ni maili tatu kamili."

Mutinda alihesabu tena. Ishirini na tatu. Akahesabu mara ya tatu mbele ya sarveya, akigusa kila alama kwa kidole. Ishirini na tatu.

"Basi kitabu kinadanganya," Wanyoike alisema.

Sarveya alimgeukia Mutinda. "Kitabu chako kina makosa?"

Mutinda alikuwa amehesabu mara tatu. Alikuwa mtu wa kuhesabu mara tatu. "Hapana, bwana," alisema. "Hakina makosa."

Wanyoike hakupaza sauti. Alirudia tu ishirini na nne, tena na tena, hadi sarveya akachoka na kumwambia mtu asiyeweza kukubali kosa lake hawezi kushika cheni ya serikali. Asubuhi iliyofuata alikuwa ameondoka kambini, na ncha ya mbele ikashikwa na mtu mwingine. Barabara yenyewe haikuchimbwa kamwe, kwa hiyo hakuna aliyerudi kuupima ule mstari. Mutinda alisikia baadaye kwamba Wanyoike hakurudi Nyeri. Alibaki Muthetheni, akamleta mkewe, akafungua duka. Mutinda alimtumia salamu mara mbili kupitia kwa watu. Hazikujibiwa. Aliona mwenzake amemkasirikia kwa kusema kweli, na kwa kuwa hakuwa mwepesi wa kumhukumu mtu, alimwachia hasira yake na kuendelea na kazi.

Sasa, Alhamisi ile ya Agosti, kioo cha kukuzia kilikuwa kimefika mwisho wa zile herufi ndogo. Neno hilo lilirudi nyuma miaka zaidi ya elfu moja, hadi kwenye Kiingereza cha kale, ambako liliandikwa *hrycg*. Mutinda hakuona irabu hata moja ndani yake. Alijaribu kulitamka kimyakimya, akashindwa. Lakini maana ilikuwa wazi kabisa. Lilikuwa ni mgongo. Mgongo wa mtu na mgongo wa mnyama, uti na nyama zake. Kisha kilima kirefu kikaitwa hivyo, na paa la nyumba. Kamusi iliongeza kwamba Wajerumani na Waholanzi, walio ndugu wa Waingereza kwa lugha, hadi leo huita mgongo wa mtu kwa maneno ya ukoo huohuo. Waingereza ndio waliouacha mgongo wakabaki na kilima.

Aliketi bila kuandika. Nje ya dirisha, juu ya mabati ya soko, vilima vilikuwa vimelala kama ng'ombe aliyeshiba. Mahali fulani penye baridi kuliko hapa, mtu ambaye jina lake halijulikani alitazama kilima akaona kitu hichohicho. Hakuwahi kusikia kuhusu Machakos wala Nyeri. Mutinda aliona kwamba kuna mtu mmoja tu duniani ambaye habari hii ingemfurahisha, na kwamba mtu huyo hazungumzi naye.

Alirudi nyumbani kabla ya saa kumi. Alikuwa na desturi moja: jambo hufungwa pale lilipofunguliwa. Kwa hiyo hakutaka kuliandika jibu hilo kwenye daftari jipya. Aliburuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akapekua madaftari yake ya kazi hadi akalipata lile la 1968, lenye jalada la turubai. Akaketi mlangoni kwenye mwanga.

Ukurasa ulipatikana upesi. Juu kabisa, kwa penseli, *ridge*. Na kando ya neno hilo palikuwa na mstari mfupi uliosimama.

Alidhani ni mchubuko wa karatasi. Aliuleta chini ya kioo. Ulikuwa mstari wa penseli, wenye kichwa kidogo kilichopinda kulia. Hivyo ndivyo alivyotia alama zake maisha yake yote.

Alifungua ukurasa uliotangulia. Ulikuwa umejaa alama kutoka chini hadi mstari wa juu, kumi na tisa. Kwenye ukurasa wa neno, chini, alama nne. Kati ya zile nne na neno palikuwa peupe.

Alielewa polepole, kama mtu anayesikia mlango ukifunguliwa chumba cha pili. Alama ya kumi na tisa ilipomaliza ukurasa, mkono wake ulikuwa juu. Akageuza karatasi. Jua lilikuwa kali, jasho machoni, na mkono ukaendelea palepale ulipokuwa, juu, kando ya neno la jana usiku. Hiyo ilikuwa ya ishirini. Kwa iliyofuata mkono ulikumbuka desturi, ukaanza chini. Na jioni alipohesabu, alihesabu kama mshika cheni yeyote, kutoka chini, akasimama pale alama zilipokoma na weupe ulipoanza. Angehesabu mara mia asingefika juu. Mtu mwingine yeyote, mtoto wa darasa la kwanza, karani, angeanzia juu na kuiona ya kwanza kabisa.

Ishirini na nne. Maili tatu kamili.

Kwa siku nne hakufanya kitu cha maana. Alimwagilia mche wa mparachichi ambao haukuhitaji maji. Alijua mambo mawili yaliyokuwa mbele yake. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Daftari lingerudi sandukuni, na angebaki yule mtu aliyejivunia kwamba hakuwahi kukosea. Akienda Muthetheni, hilo moja alilobaki nalo lingeondoka, na pengine asipate chochote badala yake, maana Wanyoike alikuwa na haki ya kumfungia mlango. Hata hivyo hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia habari ya lile neno.

Jirani yake Kalondu, mwanamke mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde, alimletea maziwa kila asubuhi.

"Baba Kioko, jana nimekusikia ukiongea. Nikadhani Kioko amekuja kutoka Mombasa. Kumbe unamweleza ng'ombe wangu mambo."

"Alikuwa ananisikiliza."

"Huyo anasikiliza kila mtu, ndiyo maana hana maziwa." Akamimina kwenye sufuria. "Nini mbaya?"

Mutinda alifikiri. "Ukigundua ulimkosea mtu kitambo, utafanya nini?"

"Yeye anajua?"

"Nafikiri anajua tangu siku ile. Mimi ndiye nilikuwa sijui."

"Basi unakaa hapa ukingoja nini? Akuje akuambie?" Kalondu alifunika mtungi wake. "Na ufunge hiyo shati vizuri, kifungo cha juu kimeruka."

Jumanne alivaa koti la kanisani, akafunga daftari kwenye mfuko wa plastiki dhidi ya vumbi, akaenda. Ilipofika saa nne alikuwa amesimama mbele ya duka lenye rangi ya kijani, upande wa juu wa soko la Muthetheni. Nyuma ya mabati yake, mbali kidogo, kile kilima kirefu kilikuwa pale kilipokuwa.

Mwanamke wa miaka kama thelathini alikuwa akimpimia mteja mafuta ya taa. Alikuwa na urefu wa Wanyoike.

"Karibu, mzee. Nikupatie nini?"

"Namtafuta Mzee Wanyoike."

"Baba ako huku nyuma. Nimwambie ni nani?"

"Mwambie ni Wa Nyuma."

"Wa nyuma ya wapi?"

"Atajua."

Mwanamke yule, Wanja, alipita mlango wa ndani. Mutinda alisikia sauti yake, kisha sauti nzee: "Mwambie duka limefungwa."

Wanja alirudi akiwa na haya. Mlango wa duka ulikuwa wazi kabisa na mteja alikuwa bado ameshika chupa ya mafuta. "Anasema…"

"Nimesikia." Mutinda alivua kofia. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hata sasa hakuipaza sana. Alisema kuelekea ule mlango wa ndani: "Ishirini na nne."

Mteja alimtazama Wanja.

"Rudia," ilisema ile sauti.

"Ishirini na nne. Ya ishirini niliiandika juu, kando ya lile neno. Nikahesabu kutoka chini."

Ukapita muda wa mtu kuvuta cheni moja hadi mwisho.

"Mlete," Wanyoike alisema.

Chumba cha nyuma kilikuwa na viti viwili na magunia ya maharagwe. Wanyoike alikuwa amekonda, macho yake yameingia ukungu wa uzee, lakini aliketi wima kama zamani. Hakutoa mkono. Mutinda alisimama, akafungua mfuko wa plastiki na kumnyooshea daftari. Wanyoike aliligusa kwa ncha za vidole, jalada la turubai, akalitambua, akauondoa mkono.

"Sioni maandishi madogo. Wanja asome."

Wanja alilishika daftari likiwa limefunguliwa. "Hapa juu kuna neno la Kizungu, halafu…"

"Anzia chini," walisema wazee wote wawili kwa pamoja.

Wanja aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaanzia chini. Kumi na tisa kwenye ukurasa wa kwanza. Nne kwenye wa pili. "Halafu hakuna kitu, hakuna kitu, hakuna kitu. Na hapa juu, kando ya neno, iko moja."

"Hiyo," Mutinda alisema.

Wanyoike aliitikia kwa kichwa, lakini si kama mtu aliyepata habari mpya. "Mimi na mama yake huyu tulipima tena," alisema. "Mwezi mmoja baada ya kufukuzwa. Kwa kamba ya katani niliyoikata urefu wa cheni. Wanjugu alikuwa na mimba ya huyu, na alishika ncha ya nyuma siku mbili. Hakuwa amesoma, lakini alijua kuhesabu kumi na kuanza tena. Ishirini na nne. Sasa amelala pale nyuma ya migomba, miaka minne."

"Kamanthe pia ameenda. Miwili."

"Sikusikia."

"Ulikuwa unajua kwa hakika," Mutinda alisema. "Mbona hukuja kuniambia?"

"Nikuambie nini? Ungefungua kitabu."

Mutinda alijua kwamba ni kweli. Angekifungua, na angehesabu mara tatu.

"Nilijifunza kuandika baada ya hapo," Wanyoike aliendelea. "Nikiwa na miaka thelathini na sita, na watoto wa nursery wakinicheka. Ili siku nyingine na mimi niwe na kitabu. Hiyo siku nyingine haikuja. Nikauza sukari." Akamgeukia Mutinda. "Unataka niseme nini sasa?"

"Sitaki useme kitu. Nilikuja kurekebisha daftari."

"Haya. Daftari limerekebishwa. Na mimi?"

Nje mtu aligonga kaunta akiomba chumvi. Wanja hakuondoka.

"Nilikukosea," Mutinda alisema. "Sikuwa na hakika kuliko wewe. Nilikuwa na karatasi tu. Ulikuwa mtu wangu wa mbele miaka sita, na nilipoulizwa sikukufikiria wewe hata kidogo. Niliifikiria karatasi."

Wanyoike aligeuza macho yake yenye ukungu kuelekea kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa vigumu kujua kama analia au yanatoka maji tu ya uzee. Wanja alisema kwa sauti ndogo, "Baba, niweke chai?"

"Hapana. Anaenda mbali."

Wanja aliinamisha kichwa. Katika nyumba yoyote ya sehemu zile, mgeni anayeondoka bila chai ameambiwa yote. Mutinda alielewa, na hakuona kwamba ameonewa. Alivaa kofia. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia nyuma yake:

"Na lile neno?"

Akageuka. "Nimelipata."

"Liko na mama?"

"Liko naye. Ni wa zamani sana, zaidi ya miaka elfu moja. Jina lake siwezi kulitamka. Lakini maana yake ni mgongo."

"Mgongo."

"Mgongo."

"Wa mtu, ama wa mnyama?"

"Wote wawili. Nimesoma mara tatu." Kisha akaongeza, "Kutoka juu na kutoka chini."

Kitu kilipita usoni mwa Wanyoike, kikaishia karibu na midomo. "Na yule mzee na kikohozi chake. Anasema ni neno tu. Kumbe anatembea juu ya mgongo wa nyanya yake." Alinyoosha mkono hewani, kiganja juu. Si kwa salamu. "Hilo daftari liache hapa."

Mutinda aliliweka kiganjani mwake, akaondoka.

Alhamisi iliyofuata hakwenda maktaba. Wala ile nyingine. Hakuwa ameamua kuacha. Ni kwamba alipoamka hakuona neno la kumshusha kilima. Alihisi wepesi mikononi, kama mtu ambaye cheni imekatika katikati na bado amesimama ameshika ncha. Jioni alipika chakula cha mtu mmoja, akala akitazama ng'ambo, ambako giza lilipanda kutoka bondeni na kuuacha mgongo wa vilima kuwa wa mwisho kupotea. Hata ng'ombe wa Kalondu hakumwambia kitu.

Jumatatu ya wiki ya tatu Kalondu alikuja na maziwa mkono mmoja na bahasha kubwa ya kaki mkono mwingine.

"Nimepewa sokoni Machakos na mwanamke mrefu. Aliuliza watu wa Iveti mpaka akanipata mimi. Anasema ni yako."

Ndani mlikuwa na daftari la turubai. Hapakuwa na barua. Mutinda alipekua kurasa zote akitafuta karatasi iliyokunjwa, salamu, hata jina. Hakuna. Alifungua ukurasa wa neno. Ulikuwa kama alivyouacha, ila ile alama ya juu ilikuwa imezungushiwa duara kwa kalamu ya buluu.

Ukurasa uliofuata ulikuwa mtupu mwaka 1968, na alikumbuka hivyo. Sasa kulikuwa na kitu. Mtu asiyeona vizuri alikuwa ameandika kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka, moja ikiwa imerudiwa baada ya kukosewa. Lilikuwa neno moja tu la Kiingereza, jina ambalo sarveya yule mwenye kikohozi aliyapa makorongo yaliyochimbwa na mvua: *gully*.

Lilikuwa limeandikwa kwenye mstari wa chini kabisa.

Kalondu alikuwa bado amesimama. "Ni habari mbaya?"

"Hapana. Ni kazi."

"Ya nani?"

Mutinda aliingia ndani akatoka na penseli, akakaa mlangoni na kisu akaanza kuichonga, taratibu, akigeuza kidogo kila mara ili ncha isivunjike. Ilikuwa Jumatatu. Alhamisi ilikuwa bado siku tatu.